Visahani Vitano Katika Tanuri

Ghubra, Maskati
12 Agosti 2025

Mdogo wangu Balqees,

Salaam zangu zije pamoja na za Ami Sleiman na mkewe Bi Bakhita, ambao bado wananifuga katika chumba cha nyuma na kunilisha kama mtoto wa shule. Barua hii anakuja nayo Bi Aseel, jirani yetu hapa, anayekwenda Unguja kumwangalia dada yake. Ndani mna karatasi za rangi mbili kama tulivyokubaliana. Ya waridi ni ya Mama, msomee kwa sauti. Nyeupe ni zako, zisome jikoni.

Simu sitopiga tena. Uliponieleza kwamba kila Mama akinisikia huzunguka nyumba nzima kunitafuta, akafungua makabati na kuniita uvunguni mwa kitanda, niliona bora nisisikike kabisa. Karatasi angalau anaishika, na akishaishika anatulia.

Barua yako ya mwisho niliipata Jumapili, tena kwa mbio. Msafiri aliyekuja nayo alinipigia kutoka uwanja wa ndege, anasema gari ya kwenda mji wa Sohar inamngoja, kama nnaitaka barua nije saa hiyo hiyo. Tulikuwa maabara, mimi na fundi wetu Hatem, ndiyo kwanza tunataka kupanga visahani vya kauri kwenye kibao. Nikamwambia, "Hatem, panga wewe, anza na saba, malizia na kumi na moja," nikatoka na koti la maabara mwilini. Niliporudi alikwishaviingiza tanurini na moto umewashwa. Sasa hauzimwi mpaka zitimie saa elfu moja. Mpaka Septemba, tarehe ishirini na kitu, hivyo.

Nisamehe kwa kukuandikia habari za tanuri, lakini ndiyo maisha yangu. Joto la nje halitembeleki. Natoka chumba chenye kiyoyozi naingia gari yenye kiyoyozi naingia maabara yenye kiyoyozi, na kitu pekee ninachokijali kimo ndani ya moto wa digrii elfu. Maskati yenyewe naiona dirishani.

Ahadi yangu ni ileile. Mkataba wangu unakwisha Desemba. Tarehe 29 nakuwa nyumbani, nakuvua ule ufunguo wa mlango shingoni, na tarehe 5 Januari wewe uko Moshi chuoni kwako, unajifunza kutengeneza miguu ya bandia. Miaka mitatu nimekaa nje mimi. Mitatu ni yako. Mwaka jana nilikuvunjia ahadi, sikurudi, ukaahirisha kwa ajili yangu, na najua wamekwambia haiahirishwi mara ya pili. Sitokuvunjia tena.

Dada yako,
Rawya

Karatasi ya waridi:

Mama yangu kipenzi, ni mimi, Rawya. Mzima. Bi Bakhita kanipikia mkate wa kumimina lakini haukufikia wako, na yeye mwenyewe kakiri. Wewe kaa utulie. Usinitafute, mimi ndiye ninayekuja.


Kikwajuni, Unguja
4 Septemba 2025

Da Rawya,

Nyeupe nimezisoma jikoni, mgongo nimeuegemeza mlangoni ili Mama asiingie. Ya waridi nimemsomea mara nne. Mara ya tano akaniambia nisome polepole, narukaruka maneno. Kweli nilikuwa naruka.

Sasa niambie. Umesoma miaka yote ile, Dar, kisha Malaysia, kisha huko, ili uoke visahani? Watu wakiniuliza dada yako anafanya kazi gani nasema anaoka vyombo visivyoliwa. Nieleze kwa lugha ya jikoni, niwe na la kujibu.

Mie sijatoka. Leo siku ya kumi na moja sijavuka duka la pembeni. Mama akiona mlango wazi anakwenda "nyumbani", na nyumbani kwake ni ile nyumba ya Wete, Pemba, iliyobomolewa kabla sisi hatujazaliwa. Mwezi uliopita alifika mpaka barabara kubwa, kwa kanga moja. Ndiyo sababu nimeutia ufunguo kamba, nikauvaa shingoni. Nikiinama kuosha vyombo unagonga sinki, na kila ukigonga nakumbuka kwamba waliofungiwa ni wawili. Sikwambii ili ulie. Nakwambia kwa sababu hapana mwengine wa kumwambia.

Mazoezi nimeshaanza. Nilijitia plasta mguu wangu mwenyewe, nikapata kalibu, nikamimina, nikatoa mguu mweupe mzima na vidole vyake. Nikauweka mezani ukauke. Kuja kurudi, Mama ameuvisha soksi. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu akaniuliza mwenyewe yuko wapi.

Sanduku liko chini ya kitanda changu, limefungwa nusu. Kila nikifagia nalisogeza, na nikilisogeza nalifungua kidogo kuona kama vitu vyangu vimo. Vimo.

Ndugu yako,
Balqees


Ghubra, Maskati
2 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Umetaka lugha ya jikoni, haya kaa nikueleze.

Zirkonia ni unga mweupe. Ukiuoka unakuwa kauri ngumu, na peke yake haifai kwa kazi yetu. Lakini ukiutia kiungo, unga mwengine uitwao itria, kila chembe ya kiungo inaingia na oksijeni pungufu, na hapo panabaki pengo. Sasa fikiria wanawake waliokaa kwenye mkeka wa maulidi, wamebanana, hapana wa kusogea. Akinyanyuka mmoja, wa pembeni anajisogeza penye pengo, wa pembeni yake naye, na mwisho safu nzima imetembea. Oksijeni hupita hivyo ndani ya kauri, nayo imebeba umeme. Pengo ndiyo njia.

Basi mtu atasema, tia kiungo kingi upate mapengo mengi. Siyo. Kikizidi, mapengo yanagandana na chembe za kiungo na hayaachiwi tena. Na hata ukipata kipimo kizuri, kauri ikikaa motoni miezi inazeeka. Chembe zinajipanga upya, mapengo yanakwama mahali pamoja, umeme unapita kwa taabu. Kuna kampuni inataka kauri hii kwa mitambo ya kuzalisha umeme, na imetutaka tuitafutie kipimo kisichozeeka. Ndiyo visahani vyetu vitano: kiungo asilimia saba, nane, tisa, kumi, na kumi na moja. Wino hauhimili moto ule, kwa hiyo tunavijua kwa nafasi zao kwenye kibao. Cha kati tu, tisa, nilikikwaruza ukingoni kwa uhakika.

Tulivitoa tarehe 21. Nikaangalia cha kati, mkwaruzo upo, nikaanza kushoto: saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja. Nikapima kimoja kimoja, nikalinganisha na vipimo vya kabla ya moto. Balqees, vilivyozeeka zaidi ni vyenye kiungo kingi! Saba na nane vimepungua, lakini si kama hivyo. Vitabu vyote vinasema kinyume. Mkuu wetu, Dokta Yaqdhan, alisoma jedwali mara tatu, kisha akacheka peke yake. Ameshasimama mbele ya watu wa kampuni kulieleza. Na maelezo ya kwa nini ni yangu mimi: kilichobeba kingi ndicho kilichokwama. Nimefurahi kama mtoto, siwezi kukuficha.

Ijumaa Ami Sleiman alinipeleka Mutrah kunyoosha miguu. Palikuwa na meli kubwa ya watalii Bandari ya Sultan Qaboos, watu wanateremka na kofia zao, wengine wanapanda, hapana anayewauliza watarudi saa ngapi. Niliwaonea wivu mpaka nikajionea haya.

Tiketi nimeshakata. Tarehe 29 Desemba, nafika saa nane mchana.

Rawya


Kikwajuni, Unguja
6 Novemba 2025

Da Rawya,

Hongera kwa visahani vyako. Mambo ya mkeka nimeyaelewa, tena nimemweleza na muuza samaki, naye kasema hata yeye angeweza kusoma Malaysia kama masomo yenyewe ndiyo hayo.

Mama sasa ananiita Rawya. Wiki ya kwanza nilikuwa namsahihisha, nikaona anaogopa, nikaacha. Jina la Balqees limemtoka, sijui limekwenda wapi. Lakini kuna mambo hayamtoki. Nikimvisha ndala ya kushoto mwanzo anaurudisha mguu kama kakanyaga moto. "Kulia kwanza! Nani kakulea wewe?" Kanzu, mkono wa kulia. Nywele, upande wa kulia. Juzi nilimpa visahani vya chai avipange mezani, mikono yake ipate kazi. Akaanza kulia, akenda kushoto, kimoja kimoja na bismillahi yake. Nikataka kumsaidia, nikaanzia kushoto. Kaniondolea vyote, kaanza upya kulia. Hakumbuki kama amekula, lakini hilo analikumbuka.

Sanduku limefungwa. Nimenunua viatu vya kufunga kwa sababu Moshi kuna baridi, nimeshona na koti jeupe la karakana. Nalivaa jikoni nikikaanga samaki, ndiyo pekee ninapokwenda. Zimebaki siku sitini.

Nataka nikwambie neno na usinijibu. Njoo kabla sijaanza kumchukia Mama. Bado. Lakini jana alipomwaga uji mara ya tatu nilimtazama kwa jicho ambalo silijui, na yeye akaliona, akasema, "Samahani, bibi." Mimi nimekuwa bibi wa watu. Nimeliandika, sitolifuta.

Balqees


Ghubra, Maskati
16 Novemba 2025

Balqees,

Barua yako nimeshindwa kuimaliza kwa mara moja. Nilipofika kwenye visahani vya chai niliiweka chini.

Asubuhi yake nilimkuta Hatem anaosha vikombe vya kahawa. Huyu kwao asili ni Tabora, lakini amezaliwa hapa na kusoma hapa, Kiswahili cha nyumbani na Kiarabu cha shule. Nikamuuliza kama kwa mzaha, "Hatem, siku ile ya Agosti nilipokuachia kibao, saba uliiweka wapi?"

"Kulia," akasema. "Nikapiga bismillahi nikaanza kulia. Kwani wewe huanzia wapi?"

Mie nimesoma Kikwajuni, Balqees. Ukinambia anza, naanza kushoto, kama kwenye daftari. Yeye ukimwambia anza, anaanza kulia, kama Mama. Na tisa iko katikati. Hesabu kutoka upande wowote, tisa ni tisa, na mkwaruzo wangu uko palepale unanichekea. Nilichokiita saba kilikuwa kumi na moja. Nilichokiita nane kilikuwa kumi.

Maana yake kila nilichokisema ni kinyume. Vilivyochakaa ni vile vyenye kiungo kichache, saba na nane, na nane ndicho kilichokuwa kikipitisha kuliko vyote mwanzoni. Vyenye kingi vilikuwa vizito kupitisha umeme tangu siku ya kwanza na vimebaki vizito vilevile, havikuwa na cha kupoteza. Vitabu vilikuwa sawa. Mimi nilitunga elimu nzima juu ya kibao nilichokisoma kinyume.

Nikamwendea Dokta Yaqdhan, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza ya watu wengine: ikitokea kibao kimekosewa, inakuwaje? Akanambia kampuni haitopokea jedwali la kugeuzwageuzwa, itataka kipimo kipya, cha saa elfu tatu. Aliyekosea akiwa fundi, fundi anaondoka, analetwa mwengine, na watafiti wanaendelea na mambo yao. Akiwa mtafiti, atarudia kwa mkono wake na hatoki, hata mkataba ukiisha, mpaka amalize. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye karatasi zake.

Saa elfu tatu ni mpaka Aprili.

Nikinyamaza, nakuja tarehe 29, na kampuni inachagua kauri itakayowachakalia mikononi. Nikisema Hatem ndiye aliyepanga, wala si uongo, nakuja vilevile, na yeye anarudi nyumbani kwake Mawaleh hana kazi, kwa sababu alianza kulia kama alivyolelewa. Hajui lolote. Ananiletea kahawa kama kawaida, na nnaiacha mpaka inapoa.

Kupanga ilikuwa kazi yangu. Niliyetoka ni mimi. Lakini nilitoka kufuata barua yako, na nikisema kweli atakayelipa ni wewe. Najiona kama niko ndani ya chumba, kila mlango nnaoushika una mtu nyuma yake. Niambie nifanye nini. Najua si haki kukuuliza.

Rawya


Kikwajuni, Unguja
25 Novemba 2025

Da Rawya,

Umeniuliza usichopaswa kuniuliza, kisha ukakiri mwenyewe, basi nimekosa hata namna ya kukugombeza. Nilikaa na barua yako siku mbili. Siku ya kwanza nilikutukana kwa sauti, Mama akaniitikia amin.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na chuo kwa simu. Nimewaeleza hali ya Mama yote, bila kuficha, na mkuu wa chuo ni mtu mwema kuliko tulivyodhani. Wameniwekea nafasi yangu mpaka Septemba. Kwa hiyo hapana nnachokipoteza, miezi minane tu, nami nimeshazoea kungoja.

Nenda ukaseme kweli. Usimtupe Hatem. Mtu aliyeanza kulia na bismillahi akafukuzwe kazi kwa ajili yangu, huo mguu nitakaoutengeneza utasimama vipi?

Sanduku nimelipandisha juu ya kabati, lilikuwa linaniumiza vidole nikifagia. Viatu havili ugali, vitakaa.

Mama hajambo. Anakusalimu, nadhani.

Balqees


Ghubra, Maskati
2 Desemba 2025

Balqees wangu,

Nimeiweka roho yangu rehani kwa siku kumi, na barua yako imeirudisha. Nilipofika kwenye neno Septemba nililia mpaka Bi Bakhita akaja na maji aliyoyasomea dua.

Nimesema. Dokta Yaqdhan akauliza, "Nani alipanga?" Nikamjibu kwamba aliyetakiwa kupanga ni mimi. Hakurudia kuuliza. Akaandika. Kuanzia sasa nnatia saini kila asubuhi na kila jioni kwamba nimekiona kipimo cha joto kwa macho yangu, Ijumaa na sikukuu zimo. Tiketi nimeirudisha.

Hatem nilimweleza mwenyewe. Nilidhani atanishukuru, akanikasirikia. "Miezi miwili unasoma kinyume na hukuniuliza hata siku moja? Mimi nipo hapa hapa!" Siku mbili kahawa yangu nilijichemshia mwenyewe. Ya tatu kaja na kipande cha halwa, kakiweka mezani, kisha akakwaruza visahani vipya vyote vitano: mstari mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano. Tukavipanga pamoja, kutoka kulia. Moto tumeuwasha jana. Utazimwa tarehe 5 Aprili, Mungu akipenda.

Nimefungika, lakini nimelala. Hilo nakushukuru wewe.

Nnaomba kitu kimoja. Najua walikujibu kwa simu, lakini chuo hakikosi kuandika. Barua yao ikija, ipige picha uniletee kwa mkono wa Bi Aseel, anayekwenda tena kwa dada yake. Nataka kuibandika ukutani hapa mbele ya tanuri, kila nikitia saini niione, nijue kwamba safari hii sikukuvunjia ahadi.

Dada yako,
Rawya

Karatasi ya waridi:

Mama yangu kipenzi, ni mimi. Mzima. Nimechelewa kidogo tu. Nakuja.


Ofisi ya Msajili
Moshi
12 Desemba 2025

Ndugu Balqees Hamood Amur,

YAH: KUACHIA NAFASI YA MASOMO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tumepokea barua yako ya tarehe 24 Novemba 2025, ambayo unaeleza kuwa hutaweza kuripoti tarehe 5 Januari 2026 kwa sababu ya uangalizi wa mzazi, na kwamba unafahamu kuwa nafasi haiahirishwi mara ya pili.

Kwa barua hii unataarifiwa kuwa nafasi hiyo imepewa mwombaji aliyefuata katika orodha. Unaweza kuomba upya kwa utaratibu wa kawaida, ukizingatia kuwa mwisho wa umri wa waombaji ni miaka thelathini, ambayo kwa mujibu wa kumbukumbu zetu utaitimiza mwezi Machi.

Chuo kinakutakia mafanikio mema.

Msajili


Kikwajuni, Unguja
5 Januari 2026

Da Rawya,

Nakuandikia asubuhi, Mama anakunywa uji. Leo amekishika kikombe mwenyewe, hakumwaga.

Barua ya chuo unayoitaka imekuja. Imeandikwa vizuri, ina muhuri na saini ya msajili. Lakini siwezi kukutumia picha, nisamehe. Mama aliuona muhuri, akanichukulia mkononi kabla sijaikunja, naye anaona imetoka kwako. Anaiweka chini ya mto pamoja na za waridi. Nikijaribu kuichukua ananizuia. "Iache, hiyo ya Rawya," halafu ananitazama, anatabasamu, ananiita Rawya.

Basi bandika kitu kingine ukutani. Bandika hii yangu.

Vile viatu vya kufunga nimevivaa leo, humu humu ndani, kutoka jikoni mpaka barazani na kurudi. Vinabana kidogo. Mama kaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia sijui, akacheka, nami nikacheka. Ule mguu wa plasta bado upo mezani na soksi yake. Sina moyo wa kuutupa.

Usijihesabie siku. Angalia tanuri lako, kula, msalimie Hatem. Ukimaliza utakuja, na usipomaliza tutakuwepo.

Kila siku baada ya alasiri Mama huitoa barua ya chuo akanipa nimsomee. Naifungua, naishika vizuri, muhuri uwe upande wake, namsomea: "Mama yangu kipenzi, ni mimi. Mzima. Nakuja." Anaitikia kwa kichwa kila neno. Nikimaliza anaikunja mwenyewe, anaanza na upande wa kulia, anairudisha chini ya mto. Kisha ananyoosha mkono, anaugusa ufunguo shingoni mwangu, ananiuliza kama nimefunga mlango.

Namwambia nimefunga.

Balqees